Barua zenu: mwanamuziki akiugua, nani analipa?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wa muziki. Nimechagua tatu ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine. Kwa wasomaji wapya: nilifanya kazi miaka mingi kwenye dirisha la malipo la hospitali moja hapa Lubumbashi, na kaka yangu marehemu alikuwa mpiga besi. Nimewaona wanamuziki wakilipa. Wanakuja alfajiri wakitoka harusini, bado wamevaa suti ya jukwaani, wanatoa mfukoni noti za franka 500 na 1,000 zilizokunjamana na kulowa jasho, zile walizobandikwa usoni wakati wa kucheza. Nilikuwa nazinyoosha moja moja na kuzihesabu. Mara nyingi hazikutosha, na mgonjwa alikuwa amelazwa tangu jana yake.

NIUZE AMPLI NIKAPASULIWE?

Mama, jambo sana. Mimi ni mpiga gitaa la solo, nakaa komini ya Kenya hapa Lubumbashi, nina miaka 46. Napiga kwenye harusi, baa na vilio (misiba). Tangu mwaka jana nina ngiri upande wa kuume. Jioni inatokeza, nikilala inarudi. Hospitali kubwa niliyokwenda wamesema nitangulize dola 400 ndipo wanilaze. Sina. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na mshahara wake ndio unalisha watoto wetu wanne. Wenzangu wananiambia niuze ampli yangu ya gitaa. Tena kuna kijana kwenye WhatsApp anasema kuna shirika la Marekani linalowalipia wanamuziki matibabu. Anataka dola 30 aniandikishe. Nifanye nini? — Mpiga solo, Kenya

Ndugu yangu, pole. Nianze na hatari, pesa baadaye. Ngiri inayotokeza jioni na kurudi ukilala kwa kawaida inakupa nafasi ya kupanga mambo yako. Lakini siku itakapokaa nje ikakataa kurudi, ikawa ngumu, ikauma, ukaanza kutapika au ukashindwa kwenda choo na hata kutoa hewa, ujue utumbo umebanwa. Usingoje kukuche, usiisukume kwa nguvu, usinywe mitishamba. Nenda hospitali iliyo karibu usiku huohuo, una pesa huna pesa. Mwambie mke wako dalili hizo leo, maana maumivu yakishakushika yeye ndiye atakayeamua.

Huyo kijana wa WhatsApp usimpe hata dola moja. Mashirika ya namna hiyo yapo kweli. Marekani kuna MusiCares, iliyoanzishwa 1989 na hao wanaotoa tuzo za Grammy, na mji wa New Orleans una kliniki ya wanamuziki tangu 1998. Lakini yanawahudumia watu wanaofanya kazi ya muziki hukohuko, na mwombaji lazima aonyeshe ushahidi wa kazi hiyo. Mtu anayepiga kwenye baa za Kenya na Kamalondo hayumo. Na shirika linalosaidia wagonjwa halimtozi mgonjwa ada ya kuandikishwa kupitia simu ya mtu wa tatu. Hizo dola 30, kama unazo, ni za vipimo.

Sasa nikuambie kilichonishtua katika barua yako: umeniandikia ampli na Marekani, na mke wako umemtaja kama mlishaji wa watoto tu. Mwalimu! Walimu wana mituweli yao ya afya, yaani mfuko wa kuchangiana matibabu, ile inayoitwa MESP, iliyoanza Kinshasa mwaka 2011 kisha ikaenda mikoani. Mchango wake unakatwa kwenye mshahara, na anayetibiwa si mwalimu peke yake, ni pamoja na mwenzi wake na watoto. Mke wako atazame karatasi yake ya mshahara aone kama kuna makato hayo, kisha amuulize mkuu wa shule kama shule yao imo na ni hospitali zipi zinazowapokea. Ikiwa imo, uliza kwanza kuhusu upasuaji: sehemu gani inalipwa, sehemu gani inabaki kwenu.

Hapo kuna kikwazo nilichokiona dirishani mara nyingi mno. Mume analetwa, mke anatoa kadi, karani anauliza cheti cha ndoa, hakuna. Mahari ilitolewa, mbuzi ilichinjwa, familia zote mbili zilikula bukari pamoja, lakini kwenye ofisi ya komini hawakwenda kamwe. Kwenye karatasi huyo mume ni mgeni. Kama ninyi pia mko hivyo, nendeni mkaandikishe ndoa sasa, wakati ngiri yako bado inarudi ndani. Chukueni na vyeti vya kuzaliwa vya watoto siku hiyohiyo.

Ikiwa mituweli ya walimu haipo kwao, njia nyingine ipo, ila ina hatua zake. Ulianzia juu. Ulikwenda moja kwa moja hospitali kubwa, na mahali pengi mgonjwa anayefika bila karatasi ya kituo cha afya hulipa zaidi ya yule aliyetumwa. Anzia kwenye kituo cha afya cha kartiye yenu. Muuguzi akupime, akuandikie karatasi ya kukuhamisha kwenda hospitali kuu ya zoni yenu ya afya. Ukiwa na karatasi hiyo, nenda ukaulize bei sehemu mbili au tatu: hospitali ya serikali, hospitali ya masista au ya kanisa lingine, na Kliniki za Chuo Kikuu. Usiulize “ngiri ni pesa ngapi?” Omba makadirio kwa maandishi, yaliyochambuliwa: vipimo, chumba cha upasuaji, daktari, dawa ya ganzi, kitanda, dawa za kutumia baadaye. Makadirio yaliyochambuliwa yana mahali pa kupunguzia. Uliza kama unaweza kulala kwenye sali ya wengi badala ya chumba cha watu wawili. Uliza kama ganzi ya mgongoni inatosha badala ya kulazwa usingizi kabisa. Kwa ngiri ya kawaida mara nyingi inatosha. Uliza kama dawa zinaweza kuandikwa kwa jina lake la kisayansi ili ununue zile za bei nafuu, lakini kwenye duka la dawa linaloaminika.

Kisha, kabla ya kulazwa, tafuta ofisi ya huduma za jamii ya hospitali. Wengi hawajui hata kama ipo. Mwenye ofisi hiyo ndiye anayeweza kupendekeza ulipe kwa awamu. Kwenye komini yenu, ofisi ya Mambo ya Kijamii inaweza kukupa hati ya kuthibitisha hali yako ya umaskini; haifuti fakitire, yaani bili, lakini inampa mtu wa hospitali sababu ya kuandika “apunguziwe” bila kuogopa wakubwa wake. Kwa macho yangu nimeona tofauti. Mtu akija kabla, na nusu ya pesa na karatasi mkononi, wanaketi naye wanazungumza. Mtu akija baada ya upasuaji na mikono mitupu, anabaki wodini wiki baada ya wiki kwa ajili ya deni, na kila siku ya kitanda inaongezwa juu ya deni hilohilo. Nimewajua wanamuziki waliokaa hivyo, wenzao wakija jioni na gitaa kuwaliwaza. Ilinitoa machozi kila mara.

Sasa ampli. Usiiuze. Ukiiuza utapona ngiri ukabaki bila kazi, na kununua nyingine kutakuchukua muda mrefu kuliko kulipa deni la hospitali. Ikodishe. Orkesta changa za Katuba na Ruashi zinakodi vyombo kila wikendi. Andikiana na mkodishaji mbele ya shahidi, chukua avansi ya mwezi mmoja na uiweke moja kwa moja kwenye pesa ya upasuaji. Ina faida nyingine: hutaibeba. Baada ya upasuaji usinyanyue kitu kizito kwa wiki nne hadi sita, na kwa kazi yenu hiyo ina maana hakuna bafle (spika kubwa), hakuna ampli, hakuna jenereta. Gitaa unaweza kulishika mapema zaidi, umekaa kwenye kiti, daktari akikuruhusu. Zungumza na shefu wa orkesta yenu kabla, apange kijana wa kubeba. Nashuku sana kwamba ngazi za hizo baa na bafle mnazopandisha bila msaidizi zimechangia ngiri yako.

SAUTI IMEKWAMA

Mama, mimi ni mwimbaji, nakaa Katuba. Ijumaa na Jumamosi naimba baa, Jumapili naimba kwaya. Sasa miezi miwili sauti imekuwa ya mkwaruzo, asubuhi haitoki kabisa, na nina kikohozi. Rafiki yangu alinionyesha dexa (dexamethasone, dawa ya kupunguza uvimbe), nikinywa sauti inarudi usiku ule. Nanunua kwa vipande. Kuna dawa nyingine ya bei ya chini? — Mwimbaji, Katuba

Binti yangu, dawa yako ya kwanza huenda ikawa ya bure. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinapimwa kifua kikuu. Nenda kituo cha afya kinachopima makohozi, waambie hivyohivyo: “nakohoa miezi miwili, ninafanya kazi kwenye baa iliyofungwa na yenye watu wengi.” Katika nchi yetu dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Ukikutwa nacho, tiba ya kawaida ni miezi sita, na kumaliza ni lazima hata kama umeshajisikia mzima. Waombe pia wakueleze kuhusu kipimo cha virusi vya ukimwi, maana dawa zake nazo ni za bure.

Kama kifua ni salama, sauti inayokwaruza zaidi ya wiki tatu inahitaji daktari wa masikio, pua na koo, yule tunayemwita wa ORL, aangalie nyuzi za sauti kwa kioo au kamera. Kwa waimbaji mara nyingi ni vinundu vidogo, na vinundu hutulia kwa kuipumzisha sauti na kujifunza kuitumia vizuri, bila kisu. Lakini asiyetazama hawezi kujua, na magonjwa mabaya ya koo huanza vilevile.

Dexa inanitisha. Inapunguza uvimbe usiku mmoja, wewe unaimba juu ya nyuzi zilizoumia, zinaumia zaidi. Ukiizoea inapandisha sukari na presha, inalegeza mifupa, inaficha maambukizi. Na kama umeinywa kila siku kwa wiki nyingi, usiikate ghafla: mwambie daktari umekunywa kiasi gani, akupunguzie polepole. Usione haya. Hutakuwa mwimbaji wa kwanza kumwambia hivyo.

Katika siku hizi, baa moja badala ya mbili, na kwenye kwaya waombe wakuweke kwenye kupiga kayamba. Usinong’one, kunong’ona kunachosha koo. Maji mengi, na mwenye baa akuelekezee spika ya kujisikilizia, ili usilazimike kupiga kelele kuishinda besi.

TUNACHANGA KILA MARA, NA KILA MARA TUNACHELEWA

Mama, sisi ni kikundi cha muziki wa karindula, watu wanane, Ruashi. Tunapiga hasa kwenye vilio. Mmoja wetu akiugua tunapitisha kofia. Akifa tunachanga sanduku na gari. Mwaka huu tumezika mwenzetu mmoja, pesa ya sanduku ilipatikana kwa siku mbili, lakini pesa ya hospitali hatukuipata kwa wiki tatu. Tunataka mfuko. Tunaanza wapi? Tena SOCODA, shirika la haki za watunzi, inaweza kutusaidia? — Kikundi cha karindula, Ruashi

Wanangu, sentensi yenu ya sanduku na hospitali nimeisoma nikaiacha, nikairudia. Ndiyo hali ya mji huu mzima. Pesa ipo. Inakuja siku ambayo haiwezi tena kumponya mtu.

Niwaambie jinsi wengine walivyoanza. Uingereza, mwaka 1921, mwimbaji Gervase Elwes alikufa katika ajali ya treni akiwa safarini Marekani. Rafiki zake wakachanga kwa jina lake, na mchango ule haukufungwa baada ya maziko: ukawa mfuko wa wanamuziki wote wenye shida, na hadi leo unafanya kazi kwa jina la Help Musicians. Marekani, mwimbaji Victoria Williams alipatwa na ugonjwa wa neva akiwa hana bima. Wenzake wakarekodi albamu mwaka 1993 kumsaidia kulipa hospitali, na kutoka hapo yeye mwenyewe akaanzisha mfuko kwa wengine. Hao wote walianza kama mnavyoanza ninyi, kwa kofia iliyopitishwa kwa ajili ya mtu mmoja. Walichofanya zaidi ni kuiacha wazi.

Ujerumani wameenda mbali zaidi. Tangu 1983 msanii analipa nusu ya mchango wa bima yake ya afya na uzeeni, na nusu ya pili inatoka kwa kampuni zinazotumia kazi za wasanii na kwa serikali. Nalitaja hilo kwa sababu ya hiyo nusu ya pili. Anayekula muziki naye anachangia. Hilo mnaweza kulifanya Ruashi bila kusubiri bunge.

Mkipatana bei na wenye kilio au wenye harusi, ongezeni mstari mmoja kwenye kontra, yaani mkataba: pesa ya afya ya kikundi. Iwe ndogo na itajwe wazi. Kisha pesa yote ikija, kabla ya kugawana, kabla ya usafiri, toeni sehemu ya mfuko. Tuseme mmepata franka 200,000 mkatoa tano kwa mia: ni 10,000. Mkipiga mara nane kwa mwezi ni 80,000. Kaka yangu na wenzake walijaribu kutoa mwisho wa mwezi, kila mtu kutoka mfukoni mwake, na haikufika mwezi wa tatu. Ikitoka kabla ya kugawiwa, hakuna anayehisi amenyang’anywa.

Ndugu zetu wa Bukavu wana mpango wanaouita MUSO, mituweli ya mshikamano, na wanatenganisha pesa kwa sanduku za rangi. La kijani ni la kukopeshana kwa biashara. Jekundu ni la maafa: ugonjwa, msiba. Kilichomo kwenye jekundu hakikopeshwi kwa biashara. Shikeni hilo kwa nguvu zote, kwa sababu siku ampli ya mtu itaungua, mtashawishika. Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, au pesa ikae kwenye Airtel Money au M-Pesa ya kikundi, na daftari lisomwe kwa sauti kila mnapogawana.

Hata hivyo watu wanane hawawezi kubeba upasuaji mmoja mkubwa. Mke wa mmoja wenu akizaa kwa kisu na mwingine akavunjika mguu katika mwezi uleule, sanduku limekwisha. Kwa hiyo pesa ya kwanza ya sanduku jekundu itumike kuwalipia nyote wanane, na familia, ada ya mituweli ya afya iliyokwisha kusimama na yenye watu wengi. Mituweli hizi zina sheria yake tangu Februari 2017. Ulizeni parokiani, kwenye makanisa mengine, kwenye koperative za akiba. Kabla ya kulipa ombeni mwone hati yake ya kusajiliwa, orodha ya hospitali ilizopatana nazo, na muda wa kungoja kabla ya kuanza kutibiwa. Kisha nendeni mojawapo ya hizo hospitali mkaulize wagonjwa waliopo, je, kadi hii inapokelewa kweli? Sanduku lenu litabaki na kazi ya kulipa ile sehemu ambayo mituweli hailipi.

SOCODA, iliyochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011, ni ya haki za watunzi. Haitibu mtu. Lakini jiandikisheni na muandikishe nyimbo zenu, kila mtunzi kwa jina lake: sheria ya 1986 inalinda haki ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na mapato yake, hata madogo, ni ya mke na watoto. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nayo ina pensheni, ajali za kazi na posho za familia. Ugonjwa wa kawaida haumo.

Na kama hoteli inawataka kila Ijumaa kwa mshahara wa mwezi, someni kontra polepole. Watu wa rika langu tulizaliwa kwenye kambi za kampuni ya madini ya Gécamines, hospitali ilikuwa ya baba na ya nyumba nzima, tukadhani ni ukarimu wa kampuni. Ni wajibu ulioandikwa. Kanuni ya kazi ya 2002 inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi wake na familia yake. Mwenye hoteli anaweza kuwaletea karatasi inayowaita “watoa huduma” ili kuukwepa wajibu huo. Ombeni iandikwe kontra ya kazi. Akikataa, bei yenu ipande, na kilichoongezeka kiende kwenye sanduku jekundu.

Mwishoni mwa barua mmeniuliza kuhusu mpiga ngoma wenu mwenye kisukari, kwamba “ataumaliza mfuko peke yake.” Muingizeni siku ya kwanza. Dawa zake za mwezi zinajulikana bei, kwa hiyo wekeni kiwango: mfuko unalipa nusu, hadi kiasi mtakachokubaliana, na kiwango hicho kiwe kilekile kwa yeyote atakayeanza dawa za kudumu. Akijiunga baadaye mtu mpya, angoje miezi mitatu kabla ya kuchukua, isipokuwa ajali. Andikeni hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kila mmoja atie sahihi, naye mpiga ngoma atie sahihi.